Mstari mmoja kwenye Mswada wa Fedha

Kila mwezi wa Mei naweka spana kando siku kadhaa nikae na Mswada wa Fedha, ule unaopendekeza mabadiliko ya kodi kila mwaka. Mafundi wenzangu hunicheka. Lakini tangu nianze kufunga sola hapa Kenya, hakuna paneli mpya iliyonipa au kuninyima kazi kama mstari unaosema vifaa vya sola vinatozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, au havitozwi.

Tazama tulivyozungushwa. Sheria ya VAT ya 2013 iliondoa msamaha wa kodi hiyo kwa sola, na 2014 Bunge likaurudisha. 2020 ukaondolewa tena, kisha Sheria ya Fedha ya 2021 ikaurudisha. Hayo yote ndani ya miaka minane! Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 16, mtambo wa shilingi 100,000 unapanda hadi 116,000. Nilimpelekea mteja makadirio mapya ya bei, akaniambia kwa upole kwamba jenereta yake bado inawaka.

Kuna jambo ambalo hata wauzaji wengi hulichanganya: msamaha na kiwango cha sifuri, yaani VAT ya asilimia 0, si kitu kimoja. Vyote viwili, mnunuzi haoni VAT kwenye risiti. Tofauti iko nyuma ya kaunta. Muuzaji hulipa VAT kwenye gharama zake, kama ada ya wakala wa forodha au matangazo. Bidhaa ikiwa ya kiwango cha sifuri, anadai arudishiwe VAT hiyo na KRA, mamlaka ya mapato. Ikiwa ya msamaha, hawezi kuidai, kwa hiyo anaiingiza kwenye bei bila kusema. Ndiyo maana mwanasiasa akitangaza kwamba sola imesamehewa kodi, mimi kwanza nauliza imewekwa kwenye jedwali lipi la sheria: la msamaha au la kiwango cha sifuri.

Halafu kuna masharti yaliyojificha mwishoni mwa sentensi. Msamaha wa 2021 ulitaja paneli, inveta, vidhibiti vya chaji na betri, kisha ukamalizia kwamba lazima Waziri wa Nishati apendekeze kwa Kamishna wa kodi. Maneno machache tu, lakini kwa muagizaji ni barua ya kufuatilia ofisini huku kontena lake likihesabiwa siku bandarini.

Mlango wa kuingilia uko wazi. Mswada hufika Bunge la Kitaifa kufikia mwisho wa Aprili, Kamati ya Fedha huita maoni ya wananchi kama Kifungu cha 118 cha Katiba kinavyolitaka Bunge lifanye, na mwezi Juni hupigiwa kura. Muda ni mfupi, na tangazo ukilikosa gazetini ndiyo basi.

Waraka wangu wa kwanza kwa kamati hiyo ulikuwa kurasa nne za malalamiko na mabadiliko ya tabianchi. Nikiusoma leo naona haya, maana haukumpa mbunge chochote cha kushika. Siku hizi naandika ukurasa mmoja: namba ya kifungu, maneno ninayotaka yafutwe, maneno ya kuweka mahali pake, na chini yake bei ya mtambo uleule kabla na baada ya kodi, risiti zikiwa zimeambatishwa. Risiti za 2020 nilizo nazo ni za miji mikubwa tu. Kama wewe ni fundi au una duka la sola kwingineko na bado umeziweka zako, tuziunganishe kabla ya Aprili.