Miwani ya kuruka na parachuti: kuichagua na kuifunga ikae

Miwani ya kuruka na parachuti ni kinga ya macho inayobana uso pande zote, yenye kioo cha plastiki ngumu na mkanda wa lastiki unaopita kisogoni. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia upepo. Jua ni jambo la baadaye. Nalitanguliza hilo kwa ajili ya mtu atakayetoka hapa Dodoma kwenda kuruka, tuseme Diani, pwani ya Kenya, akafungasha miwani ya jua ya mtindo akidhani amemaliza.

Aliyepanda bodaboda kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwezi wa saba, upepo wa kipupwe ukiwa umechachamaa, anajua macho yanavyomwaga machozi. Hapo dereva yuko kama kilomita 60 kwa saa. Mtu anayeanguka kifudifudi kabla parachuti haijafunguka hufikia karibu kilomita 200 kwa saa, na anayeanguka kichwa chini huzidi hapo. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo wa upepo huongezeka mara nne, kwa hiyo kutoka 60 hadi 200 jicho linapigwa na nguvu ya karibu mara kumi na moja. Ute unaolinda jicho hukauka, kope hupigapiga, na altimita, yaani kipimo cha urefu kutoka ardhini, iliyofungwa mkononi haisomeki. Kwa anayeruka peke yake hiyo ni hatari kubwa, kwa sababu altimita ndiyo inayomwambia wakati wa kufungua umefika.

Ndiyo maana sifa ninayoitazama kabla ya zote ni namna miwani inavyokaa usoni. Ivae mbele ya kioo cha kujitazamia, kisha pitisha ncha ya kidole kwenye ukingo wake kuanzia daraja la pua hadi chini ya shavu. Mahali kidole kinapopenya, upepo nao utapenya, na ukishaingia chini ya ukingo unaweza kuinyanyua miwani yote. Kope zisiguse kioo. Waliobandika kope ndefu za bandia walipime hili mapema. Kioo kiwe cha polikaboneti, plastiki ngumu ambayo haivunjiki vipande vipande kama kioo cha kawaida. Ukienda soko la Majengo hapa Dodoma kutafuta miwani ya kinga ya mafundi, angalia kama ina alama ya Z87+, maana yake imepimwa kwa kupigwa na kitu chenye kasi. Hata hivyo, mwenye uamuzi wa mwisho ni mkufunzi wako.

Miwani ya kuogelea iache nyumbani, hata kama inabana vizuri. Haina matundu ya hewa. Ndege ikipanda, hewa ya nje hupungua nguvu na ile iliyofungiwa ndani hutanuka na kutoroka pembeni. Ukishuka, hewa ya nje inarudisha nguvu yake wakati ndani imebaki kidogo, na miwani inaanza kuyanyonya macho. Miwani ya kuruka ina vitundu vidogo juu na chini, na vitundu hivyo hivyo hupunguza ukungu. Ukungu si jambo dogo: joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 kila mita 1,000, kwa hiyo siku ya nyuzi 28 mjini Dodoma, mita 4,000 juu ya vichwa vyetu kunakaribia baridi ya jokofu. Pumzi ya moto ikikutana na kioo cha baridi, unaona weupe mtupu.

Mwenye miwani ya macho asiivue akaenda kuruka bila kuona vizuri. Ipo miwani ya kinga yenye tumbo kubwa, inayovaliwa juu ya ile ya daktari. Ile ya ndani ifungwe kwa kamba nyuma ya kichwa, na vioo vyake viwe vya plastiki. Anayevaa kontakti lenzi, zile zinazokaa juu ya jicho lenyewe, anaweza kuruka nazo, mradi kinga ya nje isivuje upepo, na awe na akiba mfukoni.

Sasa mkanda. Upite katikati ya kisogo, pale kichwa kinapojitokeza, usipande utosini wala kuteremka shingoni. Nywele za rasta au kilemba cha hijabu huufanya uteleze. Bana nywele chini, chomekea kitambaa chote, ndipo uvute lastiki. Kaza hadi uhisi mbano sawa kuzunguka macho, kisha tikisa kichwa kwa nguvu, utazame juu na pembeni. Miwani ikisogea, kaza tena. Alama itakayobaki shavuni kwa muda isikutishe. Kaza mara ya mwisho kabla mlango wa ndege haujafunguliwa, kwa sababu ukishatoka mikono yako ina kazi nyingine.

Ikikuvuka hewani, usiikimbilie. Kupeleka mkono mmoja usoni kunauyumbisha mwili mzima. Kunja macho yabaki nyufa, tazama altimita, fungua kwa urefu uliopangiwa. Ukiwa umefungwa pamoja na mkufunzi, yeye anaendelea na kazi. Wewe kunja macho na ushike mkao aliokufundisha.

Rangi ya kioo naipa nafasi ndogo: kisicho na rangi kinafaa wakati wowote, cheusi kinasumbua jioni, na kioo cha polaroidi, kile kinachochuja mng'ao, kinaweza kuificha namba kwenye altimita ya kidijitali. Kwa vumbi letu la Dodoma, kinachoua miwani ni kuifuta kavu kwa ncha ya kanga. Punje za mchanga huchora plastiki, na michoro hiyo ikipigwa na jua la juu huwa pazia la mng'ao. Imwagie maji kwanza, sabuni kidogo, halafu kitambaa laini. Na usiivue parachuti ikishafunguka, maana bado unashuka kwenye upepo, na uwanja mkavu wa kutua hupuliza vumbi lake usoni pako.