Caesar Hakuwa Kaisari

Tulipoigiza shuleni kifo cha Julius Caesar, jemadari na mtawala wa Roma ya kale, mimi nilikuwa raia wa Roma. Kazi yangu ilikuwa kujifunga shuka la bweni begani na kupiga kelele wosia unaposomwa. Mwenzetu aliyekuwa Caesar alivikwa taji la boksi lililobandikwa karatasi za kung'aa za pakiti ya sigara, na akafa nalo kichwani. Hakuna aliyetuambia kwamba taji ndicho kitu ambacho Caesar wa kweli alikikataa mbele ya umati.

Wengi wetu tumemjua mtu huyu kupitia mchezo wa Shakespeare, ama kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1963, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mchezo ni mtamu, sina ugomvi nao. Shida huanza pale tunapoufanya kitabu cha historia.

"Caesar alikuwa mfalme wa Roma."

Hapa lugha yenyewe inatuponza. Biblia inasema "mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari", na Kaisari wa wakati ule alikuwa Tiberio. Wajerumani waliotawala Tanganyika nao walikuwa na Kaiser wao, na Warusi walikuwa na Tsar. Yote hayo ni jina la mtu mmoja lililogeuka cheo baada ya yeye kufa. Mwenyewe hakuwahi kuwa mfalme.

Kwa hesabu yao wenyewe, Waroma walimfukuza mfalme wa mwisho, Tarquinius, mwaka 509 KK, na tangu hapo kumwita mwanasiasa "mfalme" ilikuwa kumtafutia kifo. Tarehe 15 Februari 44 KK, kwenye sikukuu ya Luperkalia, Mark Antony, mshirika wake, alimnyooshea Caesar kilemba cha kifalme, naye akakikataa na kuagiza kipelekwe hekaluni kwa mungu Jupita. Kama alikataa kwa moyo mmoja au alikuwa anapima upepo, wanahistoria wanabishana hadi leo. Mimi nahisi alikuwa anapima.

Cheo alichokuwa nacho ni cha dikteta, neno ambalo halikuwa na sumu ya leo. Dikteta wa Roma aliteuliwa kisheria wakati wa hatari, akapewa miezi sita, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Kilichowatisha wenzake ni kwamba mwanzoni mwa mwaka ule Caesar alikubali kuwa dikteta wa maisha. Cheo cha dharura kikakosa siku ya kuisha. Tunayemhesabu kuwa mtawala wa kwanza wa dola ni Octavian, mjukuu wa dada yake, aliyepewa jina la Augustus mwaka 27 KK. Yeye naye alijihadhari sana asijiite mfalme.

(Na ile ya kwamba Caesar alizaliwa kwa upasuaji, ndiyo maana operesheni ikaitwa jina lake? Zama zile mama hakutarajiwa kupona upasuaji huo. Mama yake, Aurelia, aliishi hadi mwaka 54 KK, mwanawe tayari akiwa mkuu wa majeshi kule Gaul, Ufaransa ya leo.)

"Aliuawa kwenye Capitol, akasema: Hata wewe, Brutus?"

Capitol ni ya jukwaani. Tarehe 15 Machi mwaka ule ule wa 44 KK, Seneti ilikutana katika ukumbi uliokuwa sehemu ya majengo ya ukumbi wa michezo wa Pompey, yaani Brutus, Cassius na maseneta wenzao walimchinja chini ya sanamu ya Pompey, hasimu wake wa zamani. Magofu yake yapo leo katikati ya jiji la Roma, mahali panapoitwa Largo di Torre Argentina, na wakazi wake wanaojulikana zaidi ni paka.

Alichomwa mara 23. Suetonius, mwandishi wa Kiroma wa maisha ya watawala, anaandika kwamba tabibu aitwaye Antistius aliukagua mwili, akaona jeraha moja tu ndilo lililoua, la pili, la kifuani. Kuhusu maneno, anasema Caesar aliguna tu mara ya kwanza, asiseme kitu, akajifunika vazi lake. Halafu anaongeza kwamba wapo waliodai alimwambia Brutus kwa Kigiriki, "Nawe pia, mwanangu?" Ile sentensi ya Kilatini tunayoikariri, "Et tu, Brute?", inatoka kwenye tamthilia za Kiingereza.

"Brutus alikuwa mtu safi, hakutaka chochote ila uhuru."

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu ushahidi umeandikwa na rafiki yake mwenyewe. Mwanasiasa Cicero alipokuwa gavana wa Kilikia, jimbo la Roma lililojumuisha Saiprasi, mwaka 51 hadi 50 KK, alikuta wazee wa mji wa Salamis, kisiwani Saiprasi, wakidaiwa fedha na mtu aitwaye Scaptius. Riba ilikuwa asilimia 48 kwa mwaka. Cicero mwenyewe alikuwa ameweka ukomo wa asilimia 12. Huyo Scaptius, chini ya gavana aliyetangulia, alikuwa amepewa askari wa farasi, akawafungia wazee hao ndani ya ukumbi wao wa baraza ili walipe. Watano walikufa kwa njaa humo ndani. Cicero alipozidi kuchimba, ndipo akajua Scaptius ni wakala tu. Mwenye fedha alikuwa Brutus.

Gavana aliyetoa wale askari, Appius Claudius, alikuwa baba mkwe wake. Sasa ukirudi kwenye mchezo umsikie Antony akirudiarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima, kejeli inakuwa kali hata kuliko mwandishi alivyoitia.

"Tirani ni mtawala katili."

Brutus na wenzake walisema wamemuua tirani. Lakini kwa Wagiriki wa mwanzo, tirani alikuwa mtu aliyeshika utawala bila kuurithi. Angeweza kuwa mwema au mbaya. Mchezo wa Mgiriki Sophocles ambao S. S. Mushi aliuleta kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode unajulikana kwa Kigiriki kwa neno hilo hilo, tyrannos, na linamkaa vizuri Edipode: mji anaoutawala unadhani ni mgeni aliyepata kiti kwa akili zake. Balaa lake ni kugundua kwamba alikuwa mrithi halali tangu kuzaliwa.

Peisistratos wa Athene alikuwa tirani wa namna hiyo. Alijijeruhi mwenyewe, akaja sokoni akidai maadui wamemshambulia, akapewa walinzi wenye marungu, akauteka mji kwa walinzi hao hao. Hata hivyo wakulima walimkumbuka vizuri. Alikufa mwaka 527 KK akiwaachia wanawe.

Mwaka 514 KK Harmodius na Aristogeiton walimuua mmoja wa wana hao, Hipparchus. Athene ikawaimba kama wauaji wa tirani, ikawasimamishia sanamu, na wazao wao wakalishwa kwa gharama ya mji. Mwanahistoria wa Athene, Thucydides, alichoka na hadithi hiyo. Anaeleza kwamba mtawala alikuwa kaka mtu, Hippias, na kwamba chanzo kilikuwa mapenzi: Hipparchus alimtaka Harmodius, akakataliwa, akamdhalilisha dada yake hadharani. Hippias aliyebaki hai ndipo akawa mkatili kweli, kwa miaka minne, hadi jeshi la Sparta lilipomtoa mwaka 510 KK.

Hata baada ya Thucydides kuandika hayo, sanamu hazikung'olewa. Brutus alipofika Athene baada ya kumuua Caesar, Waathene walipiga kura achongewe sanamu ya shaba, yeye na Cassius, zisimame kando ya Harmodius na Aristogeiton.