Mchoro wa kistashiriki: maana yake

Mustashriki ni neno lenye mzizi mmoja na "mashariki". Kwa asili lilimtaja msomi wa Ulaya aliyechimbua lugha, dini na desturi za nchi za Mashariki, hasa za Waislamu. Katika sanaa, mchoro wa kistashiriki ni ule ambao msanii wa Ulaya, zaidi wa karne ya 19, aliuchora kuonyesha maisha ya kila siku ya Misri, Uturuki, Shamu (Syria na jirani zake) au Maghribi (Morocco na jirani zake): soko, chuo cha Kurani, kinyozi, wanawake nyumbani.

Wengi wa wasanii hao walibeba rangi za maji kwa sababu zinafaa safarini. Ni unga wa rangi ulioshikanishwa na gundi ya mgunga, ile ile inayovunwa Sudan. Hukauka upesi, na kisanduku chake ni chepesi. Mchoraji Mfaransa Delacroix alijaza madaftari namna hiyo huko Morocco mwaka 1832, kisha akarudi Paris kuchora kwa rangi za mafuta.

Kwa John Frederick Lewis, rangi za maji zilikuwa kazi yenyewe. Mwingereza huyu aliishi Cairo kuanzia 1841 hadi 1851, akivaa kama wenyeji. Mwaka 1850 London ilionyeshwa mchoro wake wa harimu, yaani sehemu ya nyumba ya wanawake, na watu walishangaa. Ni haki yao. Jua linapenya mashrabiya, yaani dirisha la vijiti vya mbao vilivyosukwa, likaangukia nguo na sakafu vitone kwa vitone, na kila kitone kimewekwa kwa brashi nyembamba na subira kubwa mno.

Lakini tazama tukio. Bwana ameketi na wake zake, na mjakazi wa Kihabeshi anafunuliwa shela mbele yao. Lewis aliyaonea wapi hayo? Aliyekulia katika nyumba ya Kiislamu ya pwani yetu anajua: mgeni wa kiume hupiga hodi, akakaribishwa, akaishia barazani au sebuleni. Cairo nako ndani hakuingiwi. Dirisha ni la kweli, watu wametungwa. Katika michoro yake kadhaa, "mwanamke wa Cairo" ni mkewe Marian, Mwingereza.

Hapo ndipo ilipo maana ya mchoro wa kistashiriki. Usahihi wa vitu humfanya mtazamaji auamini utunzi kuhusu watu, na mimi naona hilo lina hatari kuliko mchoro mbovu, kwa kuwa mbovu haumdanganyi mtu. Edward Said, msomi Mpalestina aliyeishi Marekani, katika kitabu chake cha 1978, Orientalism, alieleza jinsi maandishi ya Ulaya ya aina hii kuhusu Mashariki yalivyokwenda bega kwa bega na ukoloni.

Osman Hamdi Bey, mchoraji wa Istanbul, alijifunza mtindo huo huo Paris, ila kwa mafuta. Aliporudi aliwachora Waislamu wakisoma na kujadiliana. Alipohitaji mwanachuoni wa kumchora, alivaa joho na kilemba mwenyewe, akapigwa picha, akajichora.