Breka inalinda waya, ovalodi inalinda mota

Wenye mashine wakinipigia simu, swali huwa moja: "Fundi, mota ya hosipawa 20 niweke breka ya ngapi na waya wa ngapi?" Wanataka namba mbili waende nazo dukani. Nitazitoa, ila nisipoeleza zinatoka wapi, breka ikikata wiki ijayo mtu atanunua kubwa zaidi, na hapo ndipo mota zinapoungulia.

Tuchukue mota ya mashine ya kusaga mahindi: hosipawa 20, yaani kilowati 15, fezi tatu, volti 400. Kwanza futa unga na grisi kwenye kile kibati kilichopigwa ripiti mwilini mwa mota, usome ampea. Kikisema 28, fuata hiyo. Kama kimefutika, piga hesabu: 15,000 gawa kwa 1.73 × 400 × 0.85 × 0.9, unapata kama 28. Hiyo 0.85 ni pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo kweli inafanya kazi) na 0.9 ni ufanisi, na ufanisi ndio mafundi wengi wanausahau. Kilowati 15 za kwenye kibati ni nguvu inayotoka kwenye shafti; inayoingia kutoka kwenye laini ni zaidi ya hapo.

Ampea 28 ni za mota ikiwa imeshachanganya, yaani imefika kasi yake kamili. Ukiiwasha moja kwa moja bila sta-delta (kuwasha kwa hatua mbili: koili zinaanza zikiwa zimefungwa sta, kisha zinahamishiwa delta), inavuta mara sita hadi nane ya hizo, kwa sekunde chache. Tuseme mara saba, karibu ampea 200. Sasa angalia breka. Aina C inakata papo hapo mkondo ukifika kati ya mara 5 na mara 10 ya ukubwa wake. C ya 32 kwa hiyo inaweza kukata popote kuanzia ampea 160 hadi 320, na 200 imo humo humo. Leo itawaka, kesho itakata, na watu watasema umeme una mapepo. Aina D inaanzia mara 10 hadi mara 20. Kwa mota hii naweka D ya 40: chini ya ampea 400 haiguswi na kuwasha.

Lakini breka hiyo ya 40 haiilindi mota. Breka za aina hii zimetengenezwa zivumilie mara 1.13 ya ukubwa wake kwa saa nzima bila kukata. Yaani mota ya ampea 28 inaweza kuvuta 45 saa nzima na breka ikakaa kimya. Kazi yake ni shoti na usalama wa waya. Anayeilinda mota ni ovalodi, kifaa kinachokata mota ikivuta ampea kupita kiasi kwa muda. Inakaa chini ya kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota, na ile skrubu yake ndogo unaizungusha mpaka kwenye ampea za kibati. Hapa ni 28. Si 32 "ili isisumbue".

Ovalodi ikikata, kuna jambo inakuambia. Mara nyingi ni fezi moja imepotea, labda fyuzi ya kwenye nguzo imekatika. Mota iliyokuwa inazunguka haisimami. Inaendelea na fezi mbili zilizobaki, na kila moja inabeba kama mara 1.73, karibu ampea 48. Ovalodi iliyosetiwa sawasawa inaikata. Mwenye mashine aliyefunga breka ya 63 na kuizungusha ovalodi mpaka mwisho ataletewa habari na harufu. Ukifungua mota ya namna hiyo, koili zinakusimulia: kama imefungwa sta, utakuta mafungu mawili meusi na la tatu linang'aa kama jipya, kama ni delta, ni fungu moja lililoungua na mawili mazima.

Tuje kwenye waya. Waya wa shaba wa 6 (milimita 6 za mraba), wenye ganda la PVC, ndani ya bomba, kwenye jedwali la kimataifa unabeba ampea 36. Jedwali hilo limepigwa kwa joto la nyuzi 30. Chini ya bati, saa nane mchana, mimi nahesabu 40, kwa hiyo nazidisha kwa 0.87: zinabaki 31. Bado zinatosha 28, na kwa kuwa ovalodi ndiyo inayozuia mzigo kuzidi, hesabu inakubali. Ila fundi mwingine akija kupitisha laini ya pili kwenye bomba lile lile, unazidisha tena kwa 0.8, na 31 inakuwa 25. Ndiyo maana naanzia waya wa 10: 50 × 0.87 ni 43, na breka ya 40 inaulinda bila mjadala.

Umbali nao unadai chake. Tuseme kutoka kwenye mita ya umeme hadi kwenye mashine ni umbali wa mita 80. Waya wa 10 unapoteza milivolti 3.8 kwa kila ampea kwa kila mita, kwa hiyo mota ikizunguka unapoteza volti 8.5. Hiyo si neno. Wakati wa kuwasha, kwa hesabu ya juu kabisa, unapoteza kama 60, asilimia 15 ya umeme wote. Msukumo wa mota unashuka kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo unabakiwa na kama asilimia 72. Waya wa 6 ungekuachia kama 56. Hapo mota inaguna, haichanganyi, ovalodi inakata, na lawama inakwenda kwa mota. Kwa mita 80 navuta waya wa 16.

Sta-delta inashusha mkondo wa kuwasha hadi theluthi, lakini na msukumo pia, kwa hiyo usiwashe mahindi yakiwa ndani ya kinu. Soma kibati tena: lazima kiandikwe delta 400. Kikisema delta 230 na sta 400, ukiipeleka delta kwenye laini yetu unaichoma. Na ovalodi ikikaa ndani ya delta, inasetiwa kwa 0.58 ya 28, yaani 16.

Breka ya D ina bei yake. Ili D ya 40 ikate papo hapo kwa uhakika inahitaji ampea 800. Mahali ambapo kinga pekee ya mwili wa mota ni chuma kilichopigwa ardhini, chenye omu 20, fezi ikigusa mwili huo zinapita ampea 11 tu. Breka haitajua kitu, ovalodi haitajua kitu, na mota nzima itakuwa na umeme ikimsubiri atakayeigusa. Hapo RCD (kifaa kinachokata umeme unapovujia ardhini) ya milliampea 300 si anasa, na fundi anayekuandikia bei bila hiyo mwulize kwa nini.