Kitanda ni chako, kiwanja si chako

Jumanne iliyopita mteja alinipigia simu akiwa Naivasha, njiani kwenda Nakuru: "Si gari lina kitanda? Tutalala tutakapofika." Ni wa tatu mwezi huu anayedhani kwamba ukiwa na gari la kulala huna haja ya kupanga kambi mapema.

Ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru kuna kambi za aina mbili. Kambi ya umma, kama ile ya Makalia karibu na maporomoko, haihitaji kuwekewa nafasi: ukishalipa, aliyetangulia ndiye anayechagua kona. Kambi maalum lazima uiweke mapema, maana ikishachukuliwa inakuwa ya kundi moja tu. Malipo ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Maliza hayo ukiwa na mtandao.

Sasa hilo neno "maalum" linanichosha kuliko barabara zote za huku. Watu hulisikia wakawaza bafu la maji moto na soketi ya umeme. Hakuna bomba, hakuna choo, mara nyingi ni uwanda mtupu chini ya migunga. Unachonunua ni faragha: huna jirani, ni wewe na nyati. Kwa hiyo gari ndilo libebe kila kitu, maji, choo cha kubebeka, gesi, na betri ya pili ili taa na friji zisimalize ile ya kuwasha injini. Nimewahi kuipeleka familia ya watu watano na lita ishirini za maji. Yalikwisha kabla chai ya asubuhi haijachemka. Tangu hapo wenye watoto wadogo nawapeleka kambi ya umma, hata kama pesa wanazo.

Magharibi mwa Kenya mambo ni mepesi zaidi. Kambi ya Hifadhi ya Saiwa au ya Buyangu msituni Kakamega, katikati ya wiki, nimefika bila nafasi na kulala peke yangu. Kisumu mimi huegesha kwenye uwanja wa hoteli, na simu ya mchana huohuo imenitosha.

Mahali ninaposita ni msimu wa mvua. Ziwa Nakuru lilipopanda miaka ya 2010 lilimeza hata lango kuu la zamani, na matope yanaweza kukuzuia kufika kambi uliyokwisha kuilipia. Nikishauri mtu aweke nafasi ya Aprili, nafanya hivyo kwa moyo nusu, na namwomba awapigie askari wa hifadhi aulize pako vipi.

Yule wa Naivasha aliingia langoni saa kumi na moja jioni akapata kona Makalia. Ingekuwa Jumamosi ya Agosti, angerudi mjini gizani kutafuta pa kuegesha.