Mita ya Gesi Haitumii Wi-Fi Yako

Naomba hili tulimalize leo. Mita janja ya gesi ikiacha kutuma yenyewe usomaji kwa kampuni inayokuuzia gesi, Waswahili wenzangu tunaoishi hapa Uingereza wananipokea mlangoni kwa maneno yale yale: “Fundi, ruta nimeshaizima na kuiwasha, wapi!” Mwingine keshahama kampuni ya intaneti. Mwingine kanunua kifaa cha kuongeza nguvu ya Wi-Fi na kukichomeka jirani na kabati la mita, na anataka nimsifu. Jamani, mita haijui nywila yenu, wala haina mahali pa kuiandika.

Mita ya gesi inaendeshwa kwa betri, kwa hiyo muda mwingi imelala. Kila nusu saa inaamka, inarusha namba zake kwa redio ya masafa mafupi, kisha inalala tena. Namba hizo zinapokewa na kisanduku cha mawasiliano kilichopachikwa kwenye mita ya umeme, ambacho kinapata umeme wake humo humo. Hicho kisanduku ndicho kinachozisafirisha: Wales, katikati na kusini mwa England zinapita kwenye mtandao wa simu, kaskazini mwa England na Uskoti, kwenye redio ya masafa marefu. Intaneti unayoilipia kila mwezi haimo kabisa katika safari hiyo. Tena ikiwa ina mchango wowote, ni wa kuharibu: visanduku vingi vinaongea na mita kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambayo Wi-Fi nayo inayatumia. Ruta iliyokalia kisanduku inaweza kukipigia kelele. Isogeze.

Kwa hiyo swali langu la kwanza halihusu gesi hata kidogo. Usomaji wa umeme unafika kwenye kampuni? Kama unafika, kisanduku kinafanya kazi na barabara ya nje ni nzima. Kilichokatika ni kile kipande kifupi kati ya mita mbili. Kama hata wa umeme haufiki, basi tatizo liko kwenye kisanduku au mtandao wa nje, na mita yako ya gesi inasingiziwa bure. Fungua kabati utazame taa ndogo za kisanduku. Visanduku vingi vina taa iliyoandikwa GAS, ya mita ya gesi, na nyingine WAN, ya mtandao wa nje. Inayomulika taratibu, kama mara moja kila sekunde tano, iko salama. GAS ikiwa imezimika huku WAN inamulika, umeshapata jibu kabla hujanipigia.

Kwenye maghorofa hali hii naikuta sana: mita ya gesi iko chini kabisa, ya umeme iko juu ndani ya fleti, na katikati kuna zege. Hapo dawa ni kisanduku cha aina inayotumia pia masafa ya 868 MHz, yanayopenya kuta vizuri zaidi. Hicho unakiomba kwenye kampuni inayokuuzia nishati, hakiuzwi dukani. Ukipiga simu, usiseme tu “mita mbovu”. Sema: “Umeme mnauona, gesi hamuioni, naomba mjaribu kuiunganisha upya na kisanduku.” Sentensi hiyo inakuvusha nusu ya maswali ya mhudumu.

Kuna wanaoamini kwamba mita ikinyamaza, gesi ni ya bure. Kupima na kutuma ni kazi mbili tofauti. Mita inaendelea kuhesabu mita za ujazo kama kawaida, kampuni inakutoza kwa makadirio, na siku mawasiliano yakirudi inakuja bili ya kusawazisha. Tangu 2018 sheria ya Ofgem, msimamizi wa kampuni za nishati hapa, inazuia kampuni kukutoza gesi uliyotumia zaidi ya miezi 12 nyuma kama kosa ni lao. Lakini ukiwa wewe ndiye uliyewafungia mlango fundi wao na kukataa kutoa namba, usiitegemee. Piga picha ya namba za mita tarehe ile ile kila mwezi, tarakimu zilizo kabla ya nukta. Nitalisema hili mpaka nizeeke.

Wengine huniambia: “Skrini ya jikoni haionyeshi gesi, kwa hiyo kampuni haipati kitu.” Hiyo skrini ndogo ya kuonyesha matumizi ni mtazamaji tu, ichomoe, ifungie kabatini, usomaji utaendelea kwenda. Na usiwashe jiko ukasimama mbele yake kungoja namba zipande, maana zile za gesi zinabadilika kila nusu saa tu.

Siku zilizokatika hazijapotea. Mita za kizazi cha pili zinahifadhi matumizi ya kila nusu saa kwa miezi 13, na matumizi hayo yanaweza kuvutwa baadaye.

Betri usiiguse. Mita si mali yako, na kuifungua ni kosa. Ukisikia harufu ya gesi, hilo si suala la mawasiliano tena: fungua madirisha, toka nje, piga 0800 111 999.

Wateja wa malipo ya kabla ndio wenye haki ya kuwa na wasiwasi, kwa sababu salio lililolipwa linaweza lisifike kwenye mita. Hata hivyo hulali na baridi. Risiti ya malipo ina namba yenye tarakimu 20, kama tokeni za umeme wa LUKU tulizozizoea nyumbani, na unaweza kuiingiza kwa vitufe vya mita yenyewe. Kama valvu ya gesi ya mita ilishafungwa, zima jiko na boila kwanza, ndipo ufuate maelekezo ya kwenye kioo cha mita kurudisha gesi. Kuongeza salio peke yake hakuifungui.