Mkono wa kulia wa Sakis: uzuri na upungufu wa Thy Mighty Contract

Mimi kazi yangu ni kuchanganya sauti studio, na albamu mpya ikija mezani sikio langu huanzia kwenye ngoma. Kwa Thy Mighty Contract ya Rotting Christ, usianzie huko. Anzia kwenye mkono wa kulia wa mpiga gitaa.

Bendi hii ni ya Athens, Ugiriki. Ndugu wawili ndio nguzo yake: Sakis Tolis anaimba na kupiga gitaa, Themis Tolis yuko kwenye ngoma. Hii ndiyo albamu yao ndefu ya kwanza, nyimbo 8, iliyotolewa mwaka 1993 na Osmose Productions ya Ufaransa.

Miaka hiyo blaki metali, tawi la giza na kasi la muziki wa metali wanalopiga bendi hii, ilikuwa inajulikana zaidi kwa mlio wa Norway: nyuzi zimeachwa wazi, mpigaji anachapa juu na chini bila kupumzika, mpaka gitaa linasikika kama mvua kubwa juu ya bati. Sakis alifanya vingine. Analaza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi, pale pale karibu na daraja la gitaa, kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wake, kisha anachapa haraka. Mlio unakatika kabla haujaenea: tuku-tuku-tuku. Ghafla ananyanyua kiganja, noti mbili tatu zinalia kwa uwazi, melodi inachomoza, halafu kiganja kinarudi. Ukiwa na gitaa karibu, jaribu. Kasi utaipata baada ya wiki kadhaa za mazoezi, lakini kule kunyanyua na kurudisha kiganja bila kuyumbisha mdundo kutakusumbua sana. Mbinu yenyewe imetoka kwenye hevi metali ya zamani, na ndiyo iliyowapa Wagiriki mlio wao. Varathron, bendi nyingine ya Ugiriki waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka huohuo wa 1993, utawatambua kwa damu hiyohiyo.

Sasa upungufu. Ngoma ya mguu ni kavu mno. Kila pigo lina mlio uleule, kama mtu anayegonga meza kwa kidole, hata unaweza kudhani ni mashine inayopiga. Besi imezama, lazima uitafute kwa hedifoni nzuri. Kuna wanaosema ukavu huo ndio ladha ya albamu, na nusu nakubaliana nao: kwa kuwa huku chini hakuna kitu kizito, gitaa limepata uwanja mzima na kila tuku inasikika. Ningekabidhiwa mimi kazi hii, ningeshawishika kujaza besi, na huenda ningelifunika gitaa lenyewe.

Nusu nyingine sikubali. Kwenye mwendo wa kasi, gitaa lililozibwa na ngoma kavu vinagongana mahali pamoja, na sikio halijui tena nani anapiga nini. Wimbo wa kwanza, "The Sign of Evil Existence", umeumia hivyo. Unapita mbio na kuniacha na vumbi tu. Mwendo ukishuka, kila chombo kinapata pumzi, kinanda kinatandaza kivuli nyuma ya gitaa, na hapo ndipo naipenda albamu hii kwa moyo wote. Ni giza lenye joto, tofauti kabisa na baridi ya kaskazini.

Mashairi ndiyo yaliyonivutia kidogo kuliko vyote, na siyo kwa sababu yanaupiga vita Ukristo. Jina la bendi limeshatangaza hilo mlangoni. Ni Kiingereza cha kuokoteza, maneno makubwa ya kutisha yamepangwa bila picha inayobaki kichwani. Miaka 20 baadaye, mwaka 2013, walitoa albamu yenye jina la Kigiriki, Kata ton Daimona Eaftou. Sikiliza Sakis anavyotamka silabi za lugha ya mama yake: zinakatika vilevile anavyozikata nyuzi.